Hilux mbili, injini mbili: kipi kinahama na kipi kinagoma

MSOMAJI ANAULIZA

Ndugu mshauri, salamu.

Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, dabo kebini, injini 3L, 4x4 yenye ekseli nzima mbele na springi bapa pande zote mbili. Inabeba ndizi na viazi kutoka vijiji vya Rungwe kuja Mbeya mjini, kwa hiyo milima ni kazi yake ya kila siku. Sasa silinda hedi imepasuka. Maji yanapungua, rejeta inatoa mapovu, na asubuhi injini inaamka kwa kutetemeka na moshi mweupe. Difu ya nyuma nayo inalia kuanzia spidi 50, halafu gia ya nne inaruka nikiachia mafuta mteremkoni.

Kwenye mnada nimepata Hilux ya mwaka 2000, singo kebini, inayovuta tairi za nyuma tu, injini 5L. Imegongwa ubavuni, ila injini inawaka. Nia yangu ni kuichinja ili niokoe ile ya zamani. Fundi wangu anasema: "Bosi, zote ni Hilux na zote ni injini L. Tunafunga hedi ya 5L juu ya bloku ya 3L, tunahamisha gia boksi na ekseli nzima ya nyuma, na milango ukitaka." Fundi wa pili anasema nisichanganye chochote, niuze yote mawili ninunue gari jingine. Hela ya gari jingine sina. Naomba mnieleze, kwa kila kimoja, kipi kinaingia na kipi kitanitia hasara.

Mwenye Hilux, Tukuyu

JIBU

Ndugu wa Tukuyu, fundi wako wa kwanza anaijua familia ya injini lakini hajapima, na wa pili anaogopa bila sababu. Hukumu yetu kwa kifupi ni hii: hedi peke yake usiihamishe, hamisha injini nzima ya 5L. Gia boksi na ekseli ya nyuma ya gari la mnada haviwezi kuingia kwako. Na dawa ya difu inayolia huenda tayari unayo, imefungwa mbele ya gari lako mwenyewe.

Tuanze na hedi, maana hapo ndipo watu wanapochoma pesa. Injini 2L, 3L na 5L ni ndugu kweli. Umbo la bloku linafanana na mpangilio wa boliti nyingi ni ule ule, ndiyo maana fundi akiweka hedi juu akaona boliti zinakaa anatangaza kazi imekwisha. Tofauti iko kwenye tundu la silinda. 2L ina kipenyo cha milimita 92, 3L ina 96, na 5L ina 99.5. Pistoni ya 3L na ya 5L husafiri urefu ule ule wa milimita 96, kwa hiyo kilichoipandisha 5L kutoka cc 2779 hadi cc 2986 ni upana peke yake.

Sasa chukua gasketi. Pete ya chuma inayozunguka kila silinda hutengenezwa kufuata upana huo. Ukifunga gasketi ya 3L kwenye bloku ya 5L, pete inachungulia ndani ya silinda milimita 1.75 kila upande. Pistoni za injini hizi zikifika juu hutokeza kidogo kupita uso wa bloku, kwa hiyo pete itagongwa siku hiyo hiyo ya kwanza. Ukifanya kinyume, gasketi ya 5L kwenye bloku ya 3L, hakuna kinachogongana, ila linabaki pengo la milimita 1.75 kuzunguka silinda, na gesi ya moto inajibana humo na kula kingo kidogo kidogo. Na ukiweka hedi ya 5L kwa gasketi ya 3L, shida inahamia kwenye vikombe. Dizeli ya injini hizi huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, na mdomo wa chumba hicho ni kikombe cha chuma kilichopachikwa, ambacho pete ya gasketi inatakiwa kukikandamiza mahali maalumu. Pete ikikaa pasipo pake, moto unapata njia, nawe unarudi kule kule ulikotoka. Wapo wanaotembea na mchanganyiko huo, tunajua. Kwa gari la kupanda milima na mzigo hatuushauri.

Ukiamua kubaki na 3L, basi nunua hedi ya 3L. Usiende dukani kuomba "gasketi ya 3L" ukaishia hapo, kwa sababu gasketi hizo huja kwa unene tofauti unaotambulishwa kwa herufi: B ndiyo nyembamba, D ya kati, F nene, na hatua kati ya moja na nyingine ni sehemu ya kumi ya milimita. Fundi hupima pistoni zimetokeza kiasi gani ndipo achague herufi. Kama bloku haijakatwa na pistoni ni zile zile, angalia herufi ya gasketi unayoitoa. Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa toki renchi (spana inayopima mkazo) hadi Nm 78, kisha kila moja inaongezwa robo mzunguko, kisha robo nyingine. Anayekaza kwa nguvu za mkono na bomba atakurudisha gereji. Valvu zipimwe injini ikiwa ya baridi: za kuingiza hewa milimita 0.20 hadi 0.30, za moshi 0.40 hadi 0.50.

Hata hivyo, wewe una 5L nzima inayowaka. Itumie. Ila kabla ya kuing'oa ipime ikiwa bado imefungwa kwenye gari lake, kwa sababu betri na stata ziko pale pale. Ipashe moto, toa hita plagi zote nne, chomoa waya wa soleni ya kukata dizeli kwenye pampu, kisha weka geji ya kompresheni ya dizeli. Ile ya petroli haifai, itapasuka. Silinda ikisoma chini ya bar 20, au ikipishana na wenzake kwa zaidi ya bar 5, usihangaike kuihamisha injini hiyo kabla ya kuifungua. Fungua pia kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Mvuke kidogo si neno, lakini ikipumua kwa mapigo kama treni ya mkaa, pete za pistoni zimekwisha.

Ikifaulu, ishushe na uiweke sakafuni kando ya 3L, ndipo kazi ya kulinganisha ianze. Kitu cha kwanza ni sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini. Sampu ya gari lisilo na ekseli mbele imeumbwa kwa nafasi ya gari hilo. Kwako chini ya injini kuna ekseli na difu, na gari likidunda kwenye mashimo springi zinabonyea na ekseli inapanda. Hamisha sampu ya 3L ije kwenye 5L, pamoja na bomba la kunyonyea oili na kijiti cha kupimia na ala yake. Vitatu hivyo havitenganishwi. Kijiti cha sampu nyingine kitakudanganya kiwango cha oili, na bomba la kunyonyea lisilofika chini litavuta hewa ukipanda mlima mkali, mshale wa oili utaanguka na beringi za krenki zitakwenda. Kabla ya kufunga, zungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima kuona haigusi kitu.

Mabano ya injini maunti yatoke 3L pia. Flaiwili na klachi zifuate gia boksi utakayotumia, yaani ya kwako. Linganisha matundu ya flaiwili na mkia wa krenki wa 5L. Yakitofautiana, tumia flaiwili ya 5L, kisha chukua diski ya klachi uiteleze kwa mkono juu ya shafti ya gia boksi yako. Ikiteleza bila kulazimisha na bila kuchezacheza, meno ni sawa. Beringi ndogo iliyo katikati ya krenki weka mpya, ni bei ndogo na kuifuata baadaye ni kushusha gia boksi yote.

Taiming belti usiirithi, maana hujui imetembea kiasi gani. Weka mpya, pamoja na tenshena, wakati injini iko nje na nafasi ipo. Muda wake ni kilomita 100,000. Ukishaifunga na alama za krenki, kamshafti na pampu zikiwa zimekaa, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na uangalie alama zimerudi zote. Belti ikikatika, pistoni hukutana na valvu.

Pampu ya dizeli ya 5L ibaki kwenye 5L. Ya 3L itaingia na injini itawaka, lakini imepimwa kwa silinda ndogo. Wala usimruhusu mtu kuongeza skrubu ya dizeli "ili ipate nguvu". Moshi mweusi kwenye mlima maana yake joto linalopita kiasi, na joto ndilo linalopasua hedi. Kama pampu ina vibomba viwili vidogo vya maji, viunganishe. Maji ya moto yanayopita humo ndiyo yanayoirudisha injini kwenye mwendo wa kawaida baada ya kuamka. Ukiviziba, itabaki inanguruma juu kama ya asubuhi siku nzima.

Kuna vitu viwili vya umeme ambavyo mafundi wa makenika huvipuuza. Kimoja ni hita plagi. Toyota ilitumia za volti 6 kwenye mfumo unaopunguza umeme kwa hatua, na za volti 11 au 12 kwenye mfumo wa kawaida. Kwa macho zinafanana, volti imechapwa kwenye mwili wa plagi. Hita za volti 6 zikipelekewa 12 mfululizo zinavimba ncha, na ncha ikikatika inaangukia kwenye chumba cha moto. Kwa hiyo ama uhamishe hita pamoja na kidhibiti chake na nyaya zake, ama ununue hita zinazolingana na mfumo ulio kwenye gari lako. Kingine ni alternata. Nyuma ya alternata ya injini hizi imefungwa pampu ya vakyumu, na hiyo ndiyo inayolisha busta ya breki. Pampu hiyo inapata oili ya injini kwa mpira mmoja na kuirudisha kwa mwingine. Usidanganyike kuweka alternata ya petroli kwa sababu inachaji vizuri: utateremka Rungwe na breki ngumu kama ukuta. Mipira hiyo ya oili ibadilishe, ya miaka 20 ikipasuka inamwaga oili ya injini yote njiani.

Na kabla 5L haijaingia, uliza 3L ilipasuka kwa nini. Hedi haipasuki bila sababu. Toa rejeta ikazibuliwe kwa fundi rejeta anayefungua matangi na kupitisha fito, siyo kumwaga maji tu. Angalia feni: injini ikiwa ya moto na imezimwa, ukizungusha feni kwa mkono ikaruka mizunguko mingi kirahisi, kiungo chake cha mafuta kimekufa. Thermostati weka mpya na usiitoe kabisa, hata kama kijiweni wanasema injini itapoa zaidi.

Sasa difu, ambayo ndiyo sehemu tamu ya swali lako. Ekseli nzima ya nyuma ya gari la mnada iache. Gari lako la 4x4 lina nati sita kwenye tairi, zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7, zile za kuvuta nyuma tu mara nyingi zina nati tano, upana wa ekseli na vikalio vya springi havilingani. Utajikuta na spea tairi mbili za aina tofauti na gari linalokwenda upande.

Kinachoweza kuhama ni kichwa cha difu peke yake, yaani kasha lenye gia za difu linalofungwa katikati ya ekseli, na hapo kuna masharti. Toyota ilitoa uwiano mwingi kwa kichwa cha inchi 8, yaani pinioni (gia ndogo) inazunguka mara ngapi ili krauni (gia kubwa) izunguke mara moja: krauni ya meno 41 na pinioni ya 10 inatoa 4.10, 43 kwa 10 inatoa 4.30, 41 kwa 9 inatoa 4.556, 39 kwa 8 inatoa 4.875. Kwenye 4x4 ya mbele na ya nyuma lazima ziwe sawa kabisa. Zikitofautiana, siku ukiingiza 4x4 kwenye lami kavu ekseli mbili zitagombana, na kitakachovunjika kwanza ni kile kilicho dhaifu zaidi.

Huhitaji kufungua kitu ili kujua uwiano. Weka gia nyutro, inua tairi moja tu ya nyuma, nyingine ibaki chini imewekewa kigingi. Chora mstari kwa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, ile shafti ndefu inayozungusha pinioni. Zungusha tairi mara 20 huku mtu mwingine akihesabu propela. Kwa kuwa tairi la pili limesimama, krauni huzunguka nusu tu, yaani mara 10. Propela ikizunguka mara 41 ni 4.10, 43 ni 4.30, karibu 45 na nusu ni 4.556, karibu 48 na robo tatu ni 4.875. Watu huzungusha mara mbili tu wakasema "inakaribia nne na nusu", na hapo ndipo 4.30 inapochukuliwa kuwa 4.556. Kwa mizunguko 20 hakuna kubahatisha. Pima na la mnada vivyo hivyo. Kisha, ukichomoa hafu shafti (ile inayotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi), hesabu meno ya ncha yake: ya kichwa cha inchi 8 ni 30. Yakiwa pungufu, hicho ni kichwa kidogo na hakikuhusu.

Uwezekano mkubwa ni kwamba havitalingana. Ndipo tunapokuambia utazame mbele ya gari lako. Kwenye LN106 yenye ekseli nzima, kichwa cha mbele na cha nyuma ni cha aina moja na vinabadilishana nafasi. Uwiano ni ule ule tangu kiwandani. Tena kikiwa mbele kimegeuzwa, kwa hiyo gari likienda mbele meno yanasukumana kwa upande wa nyuma wa jino. Ukikipeleka nyuma, kitaanza kufanya kazi kwa upande ambao haujachoka. Na kama habu zako ni za kuzungusha kwa mkono zenye maandishi ya LOCK na FREE, na zilikaa FREE muda mwingi, kichwa hicho kimetembea sehemu ndogo tu ya safari za gari.

Hakikisha kwanza kwamba inayolia ni difu. Sauti inayobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta ni ya difu. Inayobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia ni ya beringi ya tairi. Kisha mwaga oili na uitazame. Unga laini wa chuma ni uchakavu, vipande vyenye kingo ni jino lililovunjika. Kichwa cha nyuma kikiwa kimechakaa tu, kinaweza kwenda mbele na kukaa huko habu zikiwa FREE, kwani huko hakizunguki kabisa, na ukakitumia kwenye matope kwa mita chache. Kikiwa kimevunjika jino, usikirudishe popote.

Kazi yenyewe ni ya siku moja. Nyuma unafungua bomba la breki na kebo ya hendibreki, nati nne za bamba la ngoma kila upande, unavuta hafu shafti pamoja na bamba lake hadi meno yaachie, unatoa propela na nati zinazozunguka kichwa. Mbele ni ndefu zaidi kwa sababu lazima ufungue habu na nakili (kiungo kinachogeuza tairi la mbele) ili shafti zitoke, na ndiyo nafasi ya kuweka sili na grisi mpya. Kichwa kihame kizima kama kilivyo. Usitenganishe krauni na pinioni, maana zimesagana pamoja na mwanya wake ni milimita 0.13 hadi 0.18. Na nati ya pinioni usiilegeze kwa ajili ya kubadili flanji bila fundi anayejua kuirudishia mkazo wa beringi, kwa sababu ndani kuna bomba dogo linalokandamizwa mara moja tu. Pima boliti za flanji na propela kabla ya kufungua lolote. Oili ni 80W-90 ya GL-5, jaza hadi ichuruzike kwenye tundu la kujazia.

Kama siku moja utabadilisha zote mbili kwenda 4.10 kutoka 4.556, jua kwamba mshale wa spidi utasema 80 nawe unakwenda 89, na mlimani utashuka gia mapema. Kwa njia zako tusingefanya hivyo.

Gia boksi ya mnada ina mkia mrefu wa gari la kuvuta nyuma na haina mahali pa kufunga kigawanyio cha 4x4, kile kinachopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele. Soma herufi za TRANS/AXLE (aina ya gia boksi na ekseli) kwenye kibati kilicho ndani ya boneti ya magari yote mawili. Zikiwa za familia moja, unaweza kuchukua vya ndani. Gia ya nne inayoruka kwa kawaida ni slivu (pete inayoteleza kufunga gia) na habu ya sinkro inayoibeba, vilivyolika meno, au beringi ya shafti ya kuingilia, kwa hiyo hamisha slivu na habu yake kwa pamoja. Slivu ngeni kwenye habu ya zamani itaruka tena. Lakini kwanza kaza boliti za kengele (kasha la klachi) na utazame maunti ya gia boksi, wakati mwingine shida inaishia hapo.

Breki za mbele: acha. Milango, boneti na taa: umbo lilibadilika mwaka 1997, havifungi. Kitanda cha singo kebini ni kirefu kuliko chasisi yako inavyoweza kupokea. Viti vinaingia ukitoboa matundu mapya.

Wasomaji wa Kigoma na wa ng'ambo ya ziwa huwa wanauliza kuhusu magari ya Burundi na Congo yenye usukani wa kushoto. Injini na vichwa vya difu havijali usukani uko wapi, vinapimwa kama tulivyoeleza. Usukani wenyewe, boksi yake, pedali, silinda kuu ya breki na dashibodi havihami.

Mwisho, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukishafunga 5L, peleka hati ya mnada TRA ubadilishiwe namba na aina ya injini kabla hujaombwa kadi barabarani au na bima. Chasisi ya gari la mnada usiikate ile sehemu yenye namba, karibu na tairi la mbele la kulia, wala kuuza kibati chake. Vinavyobaki vina soko: gia boksi, ekseli ya nati tano na kitanda kirefu vinatafutwa na wenye Hilux za kuvuta nyuma, na 3L yako ya zamani iuze bila hedi, krenki na bloku zake zinatakiwa.